Jedwali la Safu Mbili

Katika madaftari mengi ya wanafunzi wetu, chini ya kichwa kisemacho Kuvu, pana jedwali la safu mbili. Safu ya kwanza yaitwa Kuvu zenye manufaa. Humo zimeandikwa hamira, uyoga, na ile ambayo kwayo hupatikana penisilini. Safu ya pili yaitwa Kuvu zenye madhara. Humo mna choa, ukungu wa mkate na kutu ya ngano. Mwanafunzi hulikariri jedwali hilo, hulirudisha katika karatasi ya mtihani kama alivyolipokea, hupewa alama zake, na mambo huishia hapo. Nataka kukuambia, mwanafunzi mpendwa, kwamba jedwali hilo ni la uongo, wala si uongo mdogo usiomdhuru mtu. Umekwisha kutoka darasani ukaingia jikoni na ghalani, na huko watu huulipia kwa maini yao.

Mimi ni mwalimu, nami najua kwa nini jedwali hupendwa: ni jepesi kufundisha na ni jepesi zaidi kusahihisha. Lakini latufundisha kwamba wema na ubaya wa kuvu umo katika jina lake, na kwamba ukishalijua jina umeijua tabia. Kijiji chetu chaitwa Wema, wala hakuna mtu anayedhani kwamba kwa sababu ya jina hilo hatuna wezi. Maarifa ya miaka hii yameonyesha kwamba jina moja la kuvu laweza kufunika nasaba nyingi zisizofanana kwa matendo, moja ikilisha taifa na nyingine ikiua kijiji. Tena kiumbe kimoja chaweza kuwa na majina manne, hili la chakula na lile la ugonjwa, nacho ni kile kile. Nitakuonyesha yote mawili, ila nitakaa zaidi katika lile la kwanza, maana ndilo linalotuhusu sisi wa bonde la Tana, ambao mahindi yetu hukulia baina ya mafuriko na ukame.

Kwanza yafaa uelewe wataalamu wamejuaje. Kila kiumbe chenye uhai hubeba ndani ya chembe zake maagizo ya kukijenga na kukiendesha. Maagizo hayo yameandikwa kwa kemikali za namna 4 tu, zilizofuatana kama herufi katika mstari; kipande chenye agizo moja huitwa jeni, na maandishi yote kwa jumla huitwa jenomu. Jenomu ya hamira ina herufi zipatazo milioni 12 na jeni zipatazo 6,000. Ilisomwa yote na kutangazwa mwaka 1996, ikawa ya kwanza miongoni mwa viumbe ambavyo chembe zao zina kiini. Tangu siku hizo kazi ya kusoma imekuwa nyepesi na gharama yake imeshuka, hata wataalamu hawatosheki tena kusoma kuvu moja kwa niaba ya ukoo mzima. Husoma mamia na kuyalinganisha. Mwaka 2018 zilitangazwa jenomu 1,011 za hamira zilizokusanywa pande nyingi za dunia. Waliozoea kusema kwamba hamira ni hamira walikuta kwamba mvinyo una ukoo wake, tembo la mgema wa Afrika lina ukoo wake, mikate ina koo zake, na nyingine zilikuwa zimetolewa katika miili ya wagonjwa. Hiyo ndiyo hamira inayoumua mahamri yetu ya asubuhi, iliyo ya kwanza katika safu ya manufaa!

Hata penisilini ina hadithi ya namna hiyo. Kuvu aliyoiona Alexander Fleming mwaka 1928 ilitoa dawa haba mno. Ile iliyotoka katika tikiti lililooza huko Peoria, Marekani, mwaka 1943, ikatoa dawa nyingi kuliko ya Fleming, na kutokana nayo viwanda vikapata mbegu. Nazo zilikuwa kuvu za jamaa moja. Lakini nisikae hapo.

Kuvu ambayo kwa ajili yake nimeshika kalamu yaitwa Aspergillus flavus. Huishi udongoni na katika mabua yaliyooza, na rangi yake ni kijani chenye umanjano. Hupenda joto, hupenda mmea uliopungukiwa na maji wakati punje zinapojaa, na baada ya mavuno hupenda ghala lenye unyevu. Hutengeneza sumu iitwayo aflatoksini, ambayo kwa Kiswahili imepewa jina zuri la sumukuvu. Dunia ilianza kuitambua sumu hiyo baada ya mwaka 1960, wakati bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa kula chakula kilichotiwa mashudu ya njugu karanga kutoka Brazili. Huharibu ini. Ikiliwa kwa wingi huua kwa siku chache au majuma machache. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka huleta saratani ya ini, na hatari hiyo huongezeka sana kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini ya aina ya B.

Katika jedwali letu, basi, kuvu hii ni ya safu ya pili, wala hapana wa kuitetea. Lakini ngoja. Kule Japani ipo kuvu iitwayo Aspergillus oryzae. Wajapani wameitumia kwa zaidi ya miaka elfu moja. Huipanda juu ya mchele uliopikwa kwa mvuke, nayo huugeuza wanga kuwa sukari. Kwa msaada wake hupatikana pombe yao ya mchele na mchuzi wao wa soya, na mwaka 2006 chama cha wataalamu wa pombe cha nchi hiyo kiliitangaza kuwa kuvu ya taifa. Jenomu yake, yenye herufi zipatazo milioni 37 na jeni zipatazo 12,000, ilitangazwa mwaka 2005. Ilipolinganishwa na ya Aspergillus flavus ulionekana undugu wa karibu mno, hata wengine wameuliza kama ni haki kuziita kwa majina mawili. Kuvu ya taifa la Japani ni flavus iliyofugwa, kama vile mbwa alivyo mbwa mwitu aliyefugwa. Na lililo la ajabu zaidi ni kwamba zile jeni za kutengenezea sumukuvu, ambazo ni zaidi ya 20 nazo hukaa pamoja mahali pamoja, zimo bado katika oryzae nyingi, nzima au nusunusu, ila zimevunjika au zimenyamaza. Ni kama kinu kilichobaki kiwandani baada ya mkanda wake kukatika: mawe yapo, sanduku lipo, lakini hakisagi.

Ukisikia hayo ukadhani kwamba tofauti ya nasaba ni jambo la watu wa ng'ambo na maabara zao, nenda Makueni na Kitui.

Mapema mwaka 2004 mvua ilinyesha wakati wa mavuno, kabla ya majira yake. Mahindi yalivunwa yangali na maji, yakawekwa ndani ya nyumba, mengine juu ya sakafu ya udongo, kwa maana nje palikuwa na mvua, na mwaka wenyewe ulikuwa wa njaa, na mwaka wa njaa mwizi hayuko mbali. Hadi kufikia Julai watu 317 waliugua, macho yao yakawa ya manjano na matumbo yao yakavimba, na 125 katika hao wakafa. Yaani katika kila watu 10 walioonekana kuugua, karibu 4 walizikwa. Wataalamu walipoyapima mahindi yaliyouzwa katika masoko ya wilaya zile, zaidi ya nusu ya vipimo vilizidi sehemu 20 za sumukuvu katika sehemu bilioni moja, na vipimo 7 katika kila 100 vilizidi sehemu 1,000. Kiwango ambacho Kenya yaruhusu leo ni sehemu 10. Wala hilo halikuwa tukio la kwanza: mwaka 1981 watu 12 walikufa Machakos kwa sumu hiyo hiyo. Wala halikuwa la mwisho katika Afrika Mashariki: mwaka 2016 watu 20 walikufa Dodoma na Manyara, Tanzania.

Sasa jiulize swali ambalo jedwali halikuruhusu kuliuliza. Mahindi yenye ukungu huliwa katika nchi nyingi, na watu hudhurika polepole; mbona Ukambani walikufa kwa makumi katika msimu mmoja? Unyevu ulikuwapo, njaa ilikuwapo, lakini je, yalikuwa ni hayo tu? Mwaka 2007 Claudia Probst, Henry Njapau na Peter Cotty walichapisha uchunguzi wao juu ya mahindi ya maafa yale. Walikuta kwamba kuvu iliyotawala humo haikuwa flavus ya kawaida. Ilikuwa ya tawi lijulikanalo kwa herufi S, ambalo huzaa tembe nyeusi ndogo na nyingi za kujihifadhi udongoni, na ambalo hutengeneza sumu nyingi kupita lile la kawaida. Mwaka 2012 uchunguzi wa jeni ulionyesha zaidi: kuvu hiyo ya Kenya ni nasaba ya peke yake, tofauti hata na zile za tawi S zilizokwisha kujulikana kwingine. Mama aliyeukoroga ugali ule aliona punje zenye ukungu wa kijani, kama alizoziona miaka mingine na watoto wakala wakanenepa. Macho yake hayakumdanganya, ukungu ulikuwa wa rangi ile ile. Lakini uliozaliwa chini ya rangi ile ulikuwa ukoo mwingine.

Hapo ndipo ninapolichukia jedwali. Lingetuambia kwamba flavus ni mbaya, basi, iogope. Woga huo haumsaidii mtu, kwa sababu kuvu hii imo udongoni kote katika nchi za joto, na huwezi kuukimbia udongo. Lililosaidia lilikuja kwa kutoliamini jedwali. Cotty, aliyeanzia kazi hii katika mashamba ya pamba ya Arizona, alijua kwamba miongoni mwa flavus zenyewe zimo zisizoweza kutengeneza sumu, nyingine zikiwa zimepoteza jeni zake zote za sumu, nyingine zikiwa na herufi chache tu zilizoharibika. Je, hizo zikitangulia shambani, si zitashika nafasi, zenye sumu zikose pa kukaa? Nchini Kenya zikachaguliwa nne, zote wazaliwa wa udongo wa Kenya. Hupakwa juu ya punje za mtama zilizokaangwa zisiote, nazo hutawanywa shambani kwa mkono, kilo 4 kwa ekari, majuma mawili au matatu kabla mahindi hayajachanua. Dawa hiyo yaitwa Aflasafe KE01. Ilisajiliwa mwaka 2015, na shirika la utafiti wa kilimo, KALRO, huitengeneza Katumani karibu na Machakos. Mashamba ya umwagiliaji ya Bura na Hola, katika kaunti yetu hii hii ya Tana River, yamo miongoni mwa yale iliyotumika. Sumukuvu katika mahindi yaliyotiwa dawa hiyo imepungua aghalabu kwa 80 katika 100 au zaidi.

Litafakari jambo hilo. Adui na mlinzi wana jina moja. Mwenye kulishika jedwali lake atasema, mwatia ukungu shambani, mna wazimu? Na kweli wapo wakulima waliosema hivyo, wala siwacheki, kwa kuwa walifundishwa hivyo na watu kama mimi.

Tuje nyumbani sasa. Hapa Wema, na Hewani, na Kulesa, na vijiji vyote vilivyojipanga kandokando ya mto, tunalima katika ardhi ambayo mto huifunika na kuifunua. Maji yakishuka twapanda. Maji yakitangulia kurudi kabla ya wakati wake twavuna mbio, punje zikiwa bado laini. Mwaka 1997 ulikuwa hivyo, na 2018, na 2023. Baada ya mafuriko jua huchoma kama lisilowahi kuona wingu, na mahindi ya mkupuo wa pili hujaza punje zake katika kiu. Nilikuambia flavus hupenda nini. Hupenda joto, na kiu ya mmea, na unyevu wa ghala. Kama ungetaka kumjengea nyumba mgeni huyo usingepata mahali pa kumpendeza kuliko Delta ya Tana.

Najua jibu nitakalopewa barazani, maana nimekwisha kulipewa. Nitaambiwa: mwalimu, babu zetu walikula mahindi haya haya, nasi twayala, nasi tu hai. Maneno haya yana sura ya hekima, na kwa sababu hiyo hupita bila kupekuliwa. Ni nani wasemao hivyo? Ni waliobaki. Aliyekufa haji barazani kutoa ushahidi. Tena sumu iuayo polepole haiachi jina lake juu ya maiti. Aliyekonda akageuka manjano akiwa na miaka 40 husemwa alikuwa na homa, au alikuwa mlevi, au alitupiwa jicho. Na kuhusu babu zetu wenyewe, tuwape haki yao: wengi wao waliyatundika mahindi darini juu ya meko, moshi na joto vikiyakausha mchana na usiku. Tumeiacha dari ile, tumeuleta mfuko wa plastiki, tumefunga ndani yake mahindi yenye jasho, kisha tunamwita babu awe shahidi wetu!

Wengine husema, tutayaosha, tutayachemsha, moto huua kila kitu. Moto huiua kuvu, ni kweli. Sumu si kuvu. Kuvu ikishafanya kazi yake yaweza kufa na kupeperuka, na sumu ikabaki ndani ya punje, isiyo na harufu, isiyo na ladha, na isiyojali joto la sufuria. Kuchambua punje zilizobadilika rangi na kuzitupa husaidia, na kukoboa husaidia, lakini ipo punje yenye sura njema iliyobeba sumu ya kutosha, nawe hutaijua kwa kuiangalia. Wapo nao wasemao, yaliyoharibika tutawapa kuku na ng'ombe. Ng'ombe alishwaye sumukuvu huitoa katika maziwa yake ikiwa imegeuka umbo kidogo. Hivyo mahindi yaliyooza kwa Mpokomo huweza kurudi katika kibuyu cha Muorma, na kutoka humo yakaingia katika chai ya Mpokomo.

Pingamizi lililo zito ni jingine, nalo sitalidharau. Mama mwenye watoto watano na debe moja la mahindi yaliyoota ukungu atayatupa, kisha awape nini? Wanaokwenda vijijini na mabango wakasema 'Tupa mahindi yenye ukungu' wamekula asubuhi. Nasema bila kuficha kwamba kumwambia mwenye njaa atupe chakula, bila kumpa kingine, ni maneno ya mtu anayetaka kunawa mikono. Mwaka 2004 serikali ililazimika kupeleka chakula kingine katika wilaya zile, lakini hapo makaburi yalikwisha kuchimbwa. Ikiwa mbolea huweza kutolewa kwa ruzuku, kwa nini dawa ile ya kilo 4 kwa ekari isitolewe kwa ruzuku kwa mkulima wa ukingo wa mto mwenye ekari moja na nusu, kama ambavyo imewafikia wa mashamba makubwa? Na kwa nini mashine ya kukaushia nafaka isiwepo Garsen, mahali ambapo malori hupita kila siku? Mahindi yapaswa kushuka hata unyevu uwe 13.5 katika 100 kabla ya kutiwa gunia, na katika majira ya mvua, kwenye bonde la mto karibu na bahari, jua peke yake haliwezi kazi hiyo.

Nimewasema wanaoamini kwamba cha zamani hakidhuru. Wapo upande wa pili watu wengine, nao aghalabu ni wasomi kama wewe utakavyokuwa, waliolimeza jedwali mpaka likawafundisha dharau. Kwao kila kilichochachuka ni uchafu. Togwa ni uchafu, maziwa ya kibuyu ni uchafu, kilicho safi ni kile kilichofungwa katika karatasi ya kiwanda. Watu hawa wasahau mwezi wa Novemba 2019, wakati Shirika la Viwango la Kenya lilipopiga marufuku aina 5 za unga wa mahindi kwa sababu ya sumukuvu. Unga ule ulikuwa katika karatasi safi yenye rangi za kupendeza.

Na hapa ndipo lile jambo la pili nililokuahidi, la kiumbe kimoja chenye majina manne. Wataalamu walioichunguza togwa ya Tanzania walipata ndani yake, pamoja na hamira na bakteria wa kuchachusha, kuvu wakaiandika kwa jina la Issatchenkia orientalis. Walioyachunguza maziwa ya ngamia yaliyochachuka, ambayo Wasomali wa Kenya huyaita suusac, walipata kuvu wakaiandika Candida krusei. Wengine, katika kuchachusha kakao na vyakula kadha wa kadha, waliandika Pichia kudriavzevii, na kuvu hiyo ikahesabiwa kuwa salama. Wa nne waliitumia kiwandani kutengenezea gliserini, wakaipa jina la Candida glycerinogenes. Ama hospitalini, Candida krusei ni jina la hofu: huingia katika damu ya wagonjwa ambao miili yao imekosa kinga, nayo kwa asili yake haisikii flukonazoli, dawa ambayo hospitali nyingi za Afrika huitegemea. Shirika la Afya Duniani liliiweka mwaka 2022 katika orodha yake ya kuvu 19 za kuangaliwa kwa makini. Mwaka huo wa 2018, zilipotangazwa jenomu za hamira, wachunguzi wa University College Dublin nao walilinganisha jenomu za kuvu zilizotoka kwa wagonjwa na zilizotoka katika chakula na udongo. Hawakuona mpaka wowote baina yao. Ilikuwa kuvu moja. Majina manne yalikuwa milango minne ya nyumba moja, na kila mtaalamu alisimama mbele ya mlango wake.

Je, tuache togwa? La hasha. Mtu mwenye afya hunywa togwa na suusac, na mwili wake huimaliza kuvu hiyo bila kujua kwamba imepita. Kuchachuka kwenyewe huleta ukali unaozuia vijidudu vya kuhara, na hiyo ni faida kubwa kwa mtoto wa kijijini. Ninalopinga ni kumwambia kila mtu kwamba ni salama kwa sababu ni ya asili, na vilevile kumwambia kila mtu kwamba ni hatari kwa sababu jina lake limo katika orodha. Aliyelazwa hospitalini bila kinga, mwenye mpira wa dawa katika mshipa, hana hali moja na kijana anayetoka kulima. Muuguzi ajue hivyo, na wanaomletea mgonjwa chakula waulize kabla ya kufungua kibuyu. Hilo ni shauri la mgonjwa, wala si hukumu juu ya kibuyu.

Utaniuliza, basi nifanye nini mimi, ambaye sina maabara wala mashine ya kusomea jenomu? Kwanza, mwalimu wako akikupa jedwali la safu mbili, liandike, kwa maana mtihani ni mtihani, kisha muulize kwa adabu hamira iliyotolewa katika damu ya mgonjwa aiweke safu ipi. Swali hilo litamsumbua, acha limsumbue. Pili, ikiwa unapenda elimu ya viumbe, fahamu kwamba zile kuvu nne zilizochaguliwa kwa ajili ya mashamba ya Kenya zilitoka katika udongo wa Kenya kwa sababu mlinzi wa shamba hutafutwa miongoni mwa wenyeji wa shamba, waliozoea joto lake na majira yake. Kazi hiyo yahitaji watu wa kuchimba udongo, kuotesha, kupima na kusoma, nao yafaa watoke mahali ambapo mahindi yenyewe hulimwa, wajue mto hupanda lini na kushuka lini. Sioni kwa nini wasitoke Garsen.

La tatu laweza kufanywa leo jioni. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, yenye kifuniko. Tia humo chumvi kavu vijiko vichache, kisha mahindi kutoka gunia la nyumbani kwenu hata yafike kiasi cha robo au theluthi ya chupa. Funga, tikisa kwa dakika moja, weka chini dakika 15. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi yana unyevu uliozidi 15 katika 100, nayo hayafai kufungwa: yaanikwe juu ya turubai, yasiguse udongo, na yaingizwe ndani kabla ya umande. Chumvi isipogandamana, yaanike hata hivyo siku moja mbili zaidi, kwa kuwa 15 bado haijawa 13.5. Chupa haikuambii kama sumu imekwisha kuingia. Kwa hilo yahitajika kipimo, na kipimo kipo. Wanacho wanunuzi wakubwa wa nafaka, ambao hukitumia kukataa gunia la mkulima likishafika kwao. Kipimo hicho kiwekwe Garsen, mkononi mwa serikali ya kaunti, mkulima apimiwe bure kabla gunia halijapandishwa juu ya lori na kabla halijafunguliwa jikoni. Na gunia litakaloonekana kuwa na sumu, serikali hiyo hiyo ilichukue na kumpa mwenyewe jingine lililo safi, siku ile ile.